Mgeni Siku Mbili, ya Tatu Mpe Jembe



Katika mikutano ya matawi tumeulizwa mara nyingi swali moja. Huulizwa kwa maneno mbalimbali, lakini maana yake ni ile ile: "Wakimbizi wa kule Malawi, wanaosema Kiswahili kama sisi, wanaishi kwa kazi gani? Na sisi watu wa viwandani na mashambani yanatuhusu nini?" Leo tunayajibu maswali hayo mawili. Tutaanza na la kwanza, kwa sababu asiyejua kazi ya mtu hawezi kusema lolote la maana juu ya haki zake.

Swali lenyewe ni jema. Mfanyakazi anayetaka kujua jinsi mwenzake anavyopata ugali wake amekwisha kuanza njia ya umoja. Lakini kuna kuuliza kwa namna mbili. Yuko anayemtazama mgeni kama anayetazama sinema: hushangaa, huguna, pengine hulia kidogo, kisha huenda zake. Na yuko anayeuliza kama fundi anavyomwuliza fundi mwenzake: "Unaanza kazi saa ngapi? Zana ni za nani? Nani anakulipa, na kwa hesabu gani? Ukiumia, nani anakutibu?" Anayeuliza hivi amekwisha kumhesabu mgeni kuwa ni mfanyakazi. Nasi tutauliza kwa namna hiyo ya pili.

DZALEKA NI MAHALI GANI

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, Malawi ya kati, chini ya kilomita 50 kaskazini ya mji mkuu wa Lilongwe. Katika lugha ya Kichewa neno "kuleka" lina maana ya kuacha, na watu wengi hulieleza jina la Dzaleka kuwa ni "nitaacha", yaani maneno ya mtu anayelazimishwa kukoma. Maelezo hayo yana sababu. Wakati wa utawala wa Dk. Hastings Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza, na watu waliohesabiwa kuwa wapinzani wa serikali walifungwa humo.

Mwaka 1994 mambo matatu yalitokea Malawi. Mwezi wa Mei wananchi walipiga kura katika uchaguzi wa vyama vingi, na utawala wa Banda ukamalizika. Mwezi huo huo Katiba mpya ikaanza kutumika. Na mwaka huo huo lile gereza la zamani likafanywa makazi ya wakimbizi, chini ya serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, kwa sababu watu walikuwa wakikimbia vita na mauaji katika nchi za Maziwa Makuu. Tunaomba msomaji ayaweke akilini mambo hayo matatu, kwani tutayarudia.

Makazi hayo yalipangwa kwa ajili ya watu 10,000 hadi 12,000. Leo wakazi wake wamezidi 50,000. Wengi zaidi wametoka Kongo, hasa upande wa mashariki. Wanafuatiwa na Warundi na Wanyarwanda, na wako pia watu wa Ethiopia na Somalia. Wapo waliozaliwa hapo hapo ambao sasa wana watoto wao. Nyumbani mtu atasema Kibembe, Kifuliiru, Kirundi au Kinyarwanda. Sokoni na barazani hukutana katika Kiswahili. Kwa majirani zao Wamalawi hujifunza Kichewa.

WANAFANYA KAZI GANI

Watu wengi hudhani kwamba mkimbizi hukaa tu akingoja chakula cha msaada. Ni kweli kwamba posho ipo, siku hizi sana sana kwa fedha badala ya magunia. Lakini posho hiyo haijapata kutosha, na miaka ya karibuni imepunguzwa mara kwa mara kwa kuwa wafadhili wametoa kidogo kuliko inavyohitajika. Anayetegemea posho peke yake hulala na njaa kabla mwezi haujaisha. Kwa hiyo watu hufanya kazi, na kazi zenyewe ni nyingi. Tutazitaja tano.

Ya kwanza ni kazi ya udongo. Nyumba nyingi za Dzaleka zimejengwa kwa matofali mabichi ya udongo mwekundu wa pale pale. Mfyatuaji huchimba shimo, humwaga maji, hukanyaga tope kwa miguu mpaka lishikane, hulijaza katika kibao cha kufyatulia, kisha huyaanika matofali na kuyageuza siku baada ya siku mpaka yakauke. Ni kazi ya kiangazi. Mvua ikimwahi kabla hajayafunika, kazi ya juma zima hurudi kuwa tope, na hakuna wa kumlipa fidia. Mwenye kuifanya kazi hii anaweza kuwa mtu aliyekuwa mwalimu, karani au mvuvi wa Ziwa Tanganyika. Ameanza upya kwa mikono yake.

Ya pili ni kazi ya cherehani na soko. Soko la Dzaleka haliwafai wakimbizi peke yao. Wanakijiji wa Dowa huleta mahindi, mboga na mkaa, nao hununua vitenge, nguo na bidhaa za dukani. Fundi cherehani wa hapo ana tatizo ambalo mfanyakazi wa mshahara hataliona kwa mara moja: wateja wake wote hupata fedha siku moja. Posho ikitoka, cherehani hulia mpaka usiku. Posho ikichelewa, fundi hushona kwa mkopo au hakai kwenye cherehani kabisa. Na posho inapokatwa kwa wote, pato la fundi, kinyozi na muuza maandazi hukatwa pia, ingawa majina yao hayakuguswa katika orodha yoyote. Sisi tunalijua jambo hili kwa upande mwingine. Shamba la mkonge au la chai linapofungwa, muuza chakula wa getini hufunga naye.

Ya tatu ni kazi zinazoitwa za kujitolea. Katika shule, zahanati na ofisi za misaada kuna wakimbizi wanaofundisha, wanaohesabu dawa, wanaotembelea wagonjwa nyumbani. Wengi wao hulipwa kitu kinachoitwa posho ya kutia moyo. Si mshahara, na kiwango chake huwa chini sana ya kile anacholipwa mwananchi au mgeni mwenye kibali kwa kazi ya namna ile ile. Mfanyakazi aliyeajiriwa ana kima cha chini, likizo na malipo ya uzeeni. Mtu wa "kujitolea" hana, hata akijitolea miaka 15.

Katika kundi hili kuna kazi moja inayostahili kuelezwa kwa urefu, nayo ni ya mkalimani. Mama aliyefika jana kutoka Burundi hajui Kichewa wala Kiingereza. Mganga hajui Kirundi. Kati yao huketi mkalimani, naye mwenyewe ni mkimbizi. Kanuni ya kazi hiyo ni kwamba mkalimani hasemi "mama huyu anasema ameumwa", husema "nimeumwa". Hutumia "mimi" kwa niaba ya mwingine, ili maneno yasipotee njiani. Basi kwa siku moja mtu huyo anaweza kusema, "Tumbo linaniuma tangu juzi," na baada ya saa moja akasema, "Mume wangu waliniulia mlangoni." Hayo si yake, lakini ameyasema kwa kinywa chake. Na pengine yako yake yanayofanana na hayo, ambayo hakuna aliyemwuliza. Jioni hurudi nyumbani akapike. Kwa kazi hii hakuna chuma kizito wala moshi wa tanuri, lakini ndugu zetu wa viwandani watakubali kwamba huu nao ni mzigo unaobebwa mwilini.

Ya nne ni kibarua cha shambani, ambacho Wamalawi hukiita "ganyu". Msimu wa mvua ukianza, wakimbizi hulimia wenyeji, au hukodi vipande vya ardhi kutoka kwao. Ganyu hulipwa kwa mapatano ya mdomo, kwa fedha au kwa mahindi. Wamalawi maskini nao huishi kwa ganyu. Kwa hiyo katika tuta moja unaweza kumkuta mwananchi na mgeni wakipiga jembe kwa bei moja, au mgeni kwa bei ya chini zaidi kwa sababu hana wa kumlalamikia.

Ya tano ni kazi ya sanaa. Mwaka 2014 mshairi na mwanamuziki Mkongo, Trésor Nzengu Mpauni, anayejulikana kwa jina la Menes La Plume, naye akiwa mkimbizi wa Dzaleka, alianzisha tamasha liitwalo Tumaini. Maelfu ya watu huja kutoka Lilongwe na nchi nyingine kusikiliza muziki, kuona ngoma na michezo ya kuigiza. Kinachotupendeza zaidi katika tamasha hili ni utaratibu wa kulala. Mgeni anaweza kulala katika nyumba ya familia ya wakimbizi, akala wanachokula, akalipa. Kwa siku hizo mkimbizi ndiye mwenyeji na mtu wa mjini ndiye mgeni. Anayelala katika nyumba ya matofali mabichi na kuchota maji asubuhi kwa kupanga foleni kisimani hujifunza mambo ambayo hotuba haziwezi kumfundisha.

LILONGWE NA KAZI ZAKE

Tusidhani kwamba maisha magumu ya kazi yako Dzaleka tu. Tushuke hadi Lilongwe, mji uliofanywa makao makuu ya nchi mwaka 1975 badala ya Zomba. Mitaa yake mingi haina majina ila nambari: Eneo la 18, Eneo la 25, na kadhalika, wala nambari hazifuatani, hata mgeni hupotea. Upande wa kaskazini kuna Kanengo, eneo la viwanda na la mnada wa tumbaku, zao linaloiletea Malawi fedha nyingi za kigeni. Viwanda vya kusindika tumbaku huchukua wafanyakazi wa msimu, na msimu ukiisha huwaaga.

Nyuma ya tumbaku hiyo kulikuwa na watu walioishi maisha ambayo mfanyakazi wa mjini hakuyajua. Walikuwa wapangaji wa mashamba ya tumbaku. Mpangaji alihamia shambani na mke na watoto. Mwenye shamba alimkopesha chakula, mbegu na mbolea, kisha mwisho wa msimu alinunua tumbaku yake kwa bei aliyoipanga mwenyewe, akakata deni kwanza. Wengi walimaliza mwaka wakiwa wanadaiwa. Vyama vya wafanyakazi vilipiga kelele miaka mingi juu ya jambo hili, na mwaka 2021 sheria ya ajira ilirekebishwa ili kuupiga marufuku mtindo huo. Tunalitaja kwa sababu watu hao walikuwa wananchi halisi, wenye vitambulisho na kura, lakini waliishi kama wageni ndani ya nchi yao. Wengi wao walitoka wilaya za kusini ambako ardhi ni finyu.

Nenda na kando ya mto Lilongwe, karibu na soko kuu. Utaona madaraja ya mbao na miti yaliyojengwa na vijana wenyewe. Mpitaji hutoa sarafu au noti ndogo ndipo avuke. Mafuriko huyazoa madaraja hayo, nao huyajenga tena. Utaona pia waendesha baiskeli za abiria, ziitwazo "kabaza", ambao hupakia mtu na mzigo wake kwa nguvu za mapaja yao. Hawa wote hawamo katika daftari la mwajiri yeyote.

Katika mji huo huo waliishi na kufanya kazi wakimbizi wengi waliotoka Dzaleka. Walifungua maduka, wakauza nguo, wakashona, wakanyoa. Mwishoni mwa Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi wote waliokaa mijini na vijijini warudi Dzaleka kabla ya tarehe 15 Aprili. Mwezi wa Mei polisi wakaanza kuwakamata na kuwapeleka. Watu waliofanya biashara kwa miaka mingi waliacha mali dukani, na watoto wakakatizwa shule. Serikali ilitaja sababu za usalama. Baadhi ya wafanyabiashara wenyeji walikuwa wamelalamika juu ya ushindani. Ili kulielewa jambo hili hatuna budi kuitazama sheria.

SHERIA INASEMAJE

Dunia ina Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951. Malawi iliujiunga tarehe 10 Desemba 1987. Nchi inapojiunga na mkataba wa namna hii, huruhusiwa kusema, "Naukubali, ila kifungu fulani hakitanifunga." Malawi ilisema hivyo juu ya vifungu tisa. Kwa mfanyakazi vifungu vinne ndivyo vya kutazamwa zaidi.

Kifungu cha 17 chahusu kazi ya mshahara. Mkataba unasema kwamba mkimbizi aliyekaa miaka mitatu, au mwenye mume, mke au mtoto aliye raia, asiwekewe vile vizuizi vya ajira wanavyowekewa wageni ili kulinda soko la kazi la wananchi. Malawi ilikataa kumsamehe mkimbizi huyo kibali cha kazi moja kwa moja. Basi mkimbizi huhesabiwa sawa na mgeni yeyote anayekuja kutafuta ajira, ingawa mgeni huyo ana pasipoti na nchi ya kurudi, na mkimbizi hana.

Kifungu cha 24 chahusu sheria za kazi: mshahara, saa za kazi, malipo ya saa za ziada, likizo, ulinzi wa wanawake na vijana, na faida za mapatano ya pamoja kati ya chama na mwajiri. Malawi ilisema kifungu hiki kwake ni ushauri tu.

Kifungu cha 15 chahusu haki ya kujiunga na vyama, navyo vyama vya wafanyakazi vimetajwa humo. Hiki nacho kilifanywa ushauri.

Kifungu cha 26 chahusu uhuru wa kutembea. Malawi ilijiwekea haki ya kuwapangia wakimbizi mahali pa kukaa na kuzuia mwendo wao usalama wa taifa unapohitaji. Hiki ndicho msingi wa amri ya kurudi Dzaleka.

Sasa turudi kwenye mwaka 1994. Ile Katiba mpya iliyoanza kutumika mwaka ambao Dzaleka ilifunguliwa inasema katika kifungu cha 31 kwamba kila mtu ana haki ya kufanya kazi katika hali ya haki na usalama na kupata malipo ya haki, na kwamba watu wote wana haki ya kuunda vyama vya wafanyakazi na kujiunga navyo. Imeandikwa "kila mtu", haikuandikwa "kila raia". Kwa hiyo kuna karatasi mbili zinazovutana. Ya 1987, iliyoandikwa wakati wa chama kimoja, inafunga mlango. Ya 1994, iliyoandikwa baada ya wananchi kuudai uhuru wao, inaacha mlango wazi. Vyama vya wafanyakazi vina haki ya kuuliza ni karatasi gani inayofuatwa kiwandani na shambani.

JE, WANATUNYANG'ANYA KAZI?

Swali hili tusilifiche, kwa maana ndilo linalonong'onwa getini. Wala tusimtukane anayeliuliza. Malawi ni nchi maskini, na ardhi ya Dowa haitoshi hata kwa wenyeji. Nchi hii imewahi kupokea wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya milioni moja, walioikimbia vita mpaka mwanzo wa miaka ya 1990. Karibu mtu mmoja katika kila kumi alikuwa mkimbizi. Walio matajiri katika dunia hawakubeba mzigo wa kiasi hicho. Mwanakijiji anayeona kuni zikiisha na foleni ya kisimani ikirefuka ana haki ya kulalamika.

Lakini tulichambue. Mwajiri anamchukua kibarua asiye na kibali. Anamlipa nusu. Kibarua akidai, mwajiri anasema, "Nitawaita polisi." Kibarua ananyamaza. Kesho yake mwajiri anamwambia mwananchi, "Yuko anayefanya kazi hii kwa nusu, ukitaka baki, hutaki nenda." Nani ameshusha mshahara? Si mgeni, kwa sababu yeye angependa kulipwa kamili. Aliyeushusha ni mwajiri, na kilichomwezesha ni woga wa mtu asiye na haki. Mgeni mwenye haki ya kudai hafai kwa kazi hiyo ya kushusha mishahara. Kwa hiyo kumnyima mgeni ulinzi wa sheria hakumlindi mwananchi. Kunampa mwajiri mbaya fimbo ya kuwapigia wote wawili.

Na woga huo una mwisho mbaya zaidi. Mwaka 2022 shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na dawa za kulevya na uhalifu, pamoja na polisi ya Malawi, walifichua biashara ya kuuza watu ndani ya Dzaleka. Miongoni mwa waliotendewa hivyo walikuwapo waliofanyishwa kazi kwa nguvu. Mtu asiyehesabiwa kuwa mfanyakazi huwa karibu sana na kuhesabiwa kuwa bidhaa.

SISI PIA TULIKUWA WAGENI

Ndugu zetu wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro wanalijua neno "manamba". Wazee wetu waliletwa kwa magari moshi na malori kutoka Songea, Njombe na Kigoma, na wengine kutoka Msumbiji, Burundi na Nyasaland, ambayo ndiyo Malawi ya leo. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU. Mtu alitambuliwa kwa nambari, akapewa kadi ya kipande ya siku 30 za kazi. Wenyeji wa pwani waliwacheka kwa lugha yao na chakula chao. Wajukuu wa manamba hao ndio wanaousoma ukurasa huu, na leo hakuna anayewaita wageni.

Wamalawi nao wamekuwa wageni kwa wingi. Kwa miaka mingi vijana wao walikwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini kwa kuandikishwa na kampuni waliyoiita Wenela. Tarehe 4 Aprili 1974 ndege iliyowarudisha nyumbani ilianguka Francistown, Botswana, wakafa watu 78, karibu wote wachimba migodi. Baada ya msiba huo Banda alisimamisha uandikishaji. Katika vijiji vya Malawi bado wapo wazee wanaokumbuka maisha ya kompaundi, kulala wengi chumba kimoja, na kuitwa majina ya matusi kwa sababu tu ya kutoka mbali.

Tena tumkumbuke mgeni mmoja mashuhuri. Clements Kadalie alizaliwa Nyasaland, karibu na ziwa, akasoma shule za misheni, akawa mwalimu. Aliondoka, akapita Msumbiji na Rhodesia, akafika Cape Town. Huko, Januari 1919, alianzisha chama cha wafanyakazi kilichojulikana kwa herufi ICU, na mwaka huo huo makuli wa bandari wakagoma. Serikali ilijaribu kumfukuza nchini kwa kuwa ni mgeni, ikashindwa. Chama chake kikawa kikubwa kuliko vyote walivyokuwa navyo Waafrika kusini mwa bara hili wakati huo. Lau makuli wa Cape Town wangesema, "Huyu Mnyasa anatafuta nini kwetu?" historia ya vyama vyetu ingekuwa nyingine. Wachewa wana methali isemayo kwamba mgeni ndiye ajaye na kisu kidogo chenye makali. Sisi twasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni wazo moja katika lugha mbili.

JINSI YA KUMWULIZA MGENI

Kutaka kujua habari za mtu ni heshima, lakini yataka adabu. Wenzetu waliokwisha kukaa na wakimbizi wametufundisha mambo machache.

Kwanza, msalimie na umwulize kazi yake kabla ya kumwuliza msiba wake. Mtu aliyekimbia amekwisha kuhojiwa na maofisa mara nyingi juu ya nani aliuawa na lini. Mara chache huulizwa, "Ulikuwa fundi wa nini kwenu?" Swali hilo humrudishia sehemu ya nafsi yake.

Pili, usimpige picha kabla hajakubali. Usimlazimishe kumaliza habari aliyoikatiza. Akinyamaza, nyamaza naye.

Tatu, mwambie na yako. Ukitaka kujua mshahara wake, mwambie wako. Mazungumzo ya upande mmoja ni mahojiano, na mahojiano amekwisha kuyachoka.

Nne, usimhurumie kwa namna ya kumdogosha. Huruma ya kweli huuliza, "Nini kinakuzuia?" kisha hutazama kama kizuizi hicho chaweza kuondolewa na watu wawili.

KAZI YA TAWI

Babu zetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii wengi huitumia kumtania mgeni anayekaa sana. Lakini maana yake ina haki ndani yake. Mgeni ana siku zake za kupumzika na kulishwa. Zikipita, apewe jembe alime na wenyeji, ale jasho lake. Watu wa Dzaleka wamekuwa wageni zaidi ya miaka 30. Siku ya tatu imepita zamani. Jembe wanalitaka, tena wengi wamelishika wenyewe, na sheria ndiyo inayowanyang'anya, kisha tunawalaumu kwa kula bila kulima.

Basi tawi lifanye nini? Liulize kama mahali pake pa kazi kuna vibarua wageni, nao wanalipwaje. Liwakaribishe kwenye mikutano, hata kama kadi ya uanachama ni jambo la kuzungumzwa baadaye. Lidai kwamba mapatano ya pamoja yamhusu kila anayefanya kazi, si kila mwenye karatasi. Na likisikia mfanyakazi mwenzetu akimcheka mgeni kwa lafudhi au kwa kazi yake, limkumbushe habari za manamba na Wenela.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA KATIKA TAWI

1. Katika ukoo wako, ni nani wa kwanza kwenda kutafuta kazi ugenini? Alipokewaje?

2. Katika kiwanda au shamba lako kuna watu wanaofanya kazi bila kuandikishwa? Nani anafaidika na hali hiyo?

3. Mtu wa "kujitolea" aliyefanya kazi ile ile kwa miaka 15 anatofautianaje na mwajiriwa?

4. Taja kazi moja unayoiona kila siku njiani bila kuijua. Kabla ya mkutano ujao, mwulize anayeifanya: inaanza saa ngapi, zana ni za nani, na akiumia anatibiwa na nani. Uje utueleze.